Akili Timamu Wakati wa Kutia Saini: Ubongo wa Mzee Mbele ya Sheria

Hotuba iliyotolewa mjini Moshi mbele ya mahakimu, mawakili, maofisa ustawi wa jamii, watendaji wa kata na wazee wa koo

Mheshimiwa Mwenyekiti, waheshimiwa mahakimu, mawakili wenzangu, maofisa ustawi wa jamii na watendaji wa kata, na zaidi ya wote wazee wetu mlioketi safu ya mbele: shikamooni. Nimeombwa nizungumzie yale ambayo sayansi imeyagundua kuhusu ubongo unaozeeka, na namna yanavyogusa sheria na sera zetu. Nitazungumza kama wakili, kwa kuwa mimi si daktari. Yale ya kitabibu nitakayoyasema nilijifunza kwa sababu kazi yangu ilinilazimisha, na mara nyingine nilijifunza nikiwa nimekwisha kuchelewa.

Miaka kadhaa iliyopita aliletwa ofisini kwangu bibi mmoja kutoka vijiji vya juu mlimani. Alikuwa amevaa kitenge kipya na viatu vilivyoonekana kumbana, akiongozana na kijana wa ukoo wake na bwana mwingine aliyebeba mkataba wa mauziano ya kihamba, yaani shamba la ukoo, umekwisha kuchapwa kila kitu. Walichotaka kwangu ni kushuhudia tu. Pedi ya wino ilikuwa tayari imefunguliwa mezani, na kijana alikuwa ameshakishika kidole gumba cha bibi. Nikamwomba asubiri, nikasogeza kiti karibu, nikamwuliza bibi kwa Kiswahili karatasi ile inahusu nini. Akanyamaza. Nikamwita karani wangu, ambaye kwao ni Kibosho, amwulize swali lilelile kwa Kichagga. Safari hii bibi alijibu bila kusita, na karani akanitazama kwanza kabla ya kutafsiri: "Anasema ni karatasi ya kupatiwa dawa ya macho."

Sikushuhudia mkataba ule, lakini ulishuhudiwa mahali pengine. Bibi alipofariki, watoto wake walifungua shauri la ardhi, na kila upande ukaleta mashahidi wa kueleza akili ya marehemu ilikuwaje. Wapo walioapa kwamba mpaka siku zake za mwisho alikuwa akihesabu mikungu ya ndizi shambani na kujua nani ameiba mmoja, na wapo walioapa kwamba hakuwa akimtambua hata binti yake wa kuzaa. Nimelitafakari shauri lile kwa muda mrefu, na leo naamini kwamba pande zote mbili zilisema kweli.

Hapo ndipo penye jambo langu. Tumezoea kuiuliza akili ya mzee swali la ndiyo au hapana, tena tukiuliza akiwa amekwisha kuzikwa, wakati ubongo unaozeeka haujibu swali la namna hiyo, na sheria yetu yenyewe, tukiisoma vizuri, haiulizi hivyo.

Tuisome. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, katika kifungu cha 12, inasema kwamba mtu huhesabiwa kuwa na akili timamu kwa ajili ya mkataba iwapo, wakati anapoufanya, anaweza kuuelewa na kupima kwa busara namna utakavyoathiri maslahi yake. Kifungu hichohicho kinaongeza kwamba mtu ambaye kwa kawaida hana akili timamu, lakini kuna vipindi huwa nayo, anaweza kufanya mkataba katika vipindi hivyo. Maneno haya tuliyarithi kutoka Sheria ya Mikataba ya India ya mwaka 1872. Yaliandikwa zaidi ya miaka thelathini kabla ya daktari Mjerumani Alois Alzheimer kusimama mjini Tübingen mwaka 1906 na kueleza alichokiona katika ubongo wa mgonjwa wake, na hata hivyo yameelekea kulekule ambako sayansi imekuja kufika: kwamba cha kuulizwa ni uwezo wa kuelewa jambo fulani, kwa wakati fulani.

Ubongo hauzeeki kama chemli inayoishiwa mafuta, mwanga ukafifia chumba kizima kwa pamoja. Kila sehemu ina mwendo wake. Sehemu ya mbele, iliyo nyuma ya paji la uso, ambayo hutuwezesha kupanga, kushika mambo mawili kichwani kwa wakati mmoja na kujizuia tusitende la kwanza linalotujia, ni miongoni mwa zinazoanza kusinyaa mapema. Hipokampasi, inayohifadhi kumbukumbu mpya, hupungua kwa kiasi cha asilimia 1 hadi 2 kila mwaka hata kwa mzee asiye na ugonjwa wowote. Kasi ya kufikiri huanza kushuka miaka mingi kabla mtu hajaitwa mzee. Lakini msamiati, ujuzi wa kazi aliyoifanya mtu maisha yake yote, uwezo wa kuwasoma watu wa ukoo wake na kukumbuka mipaka ya shamba iliyopandwa masale, hayo hubaki imara, na mengine huzidi kukomaa wakati yale ya kwanza yamekwisha kuanza kushuka.

Maana yake kwa sheria ni kubwa. Mzee yuleyule anaweza kuwa na uwezo kamili wa kuamua nani kati ya watoto wake arithi kihamba, kwa sababu uamuzi huo umejengwa juu ya mambo aliyoyajua kwa miaka sitini, na wakati huohuo asiwe na uwezo wa kuelewa mkopo wenye riba inayobadilika ambao kihamba hicho kimewekwa dhamana. Waingereza walilitambua jambo hili katika kesi ya Banks dhidi ya Goodfellow ya mwaka 1870. John Banks aliamini kwamba anaandamwa na pepo wabaya, na kwamba mtu aliyekufa zamani anamfuata na kumsumbua. Hata hivyo wosia wake ulikubaliwa, kwa kuwa alijua anachokifanya, alijua mali yake, na alijua ni nani wanaostahili kufikiriwa, na imani zake zile hazikuugusa uamuzi huo. Sheria yao ya Uwezo wa Akili ya mwaka 2005 imelifanya hilo kuwa kanuni: mtu adhaniwe ana uwezo mpaka ithibitike vinginevyo, asaidiwe kuelewa kabla ya kusemwa kwamba haelewi, na uamuzi wake usiitwe wa kichaa kwa sababu tu wengine hawaupendi. Kanuni hiyo ya mwisho ningependa ibandikwe katika kila baraza la ardhi la kata, kwa sababu nimeona zaidi ya mara moja familia ikidai kwamba baba amepungukiwa na akili, na ushahidi wao mkubwa ukiwa kwamba ameamua kumpa binti yake ardhi.

Suala la wakati nalo si la kinadharia. Baba yangu mzazi, ambaye ujana wake wote alikuwa katibu wa chama cha msingi cha kahawa, katika miaka yake ya mwisho alikuwa na asubuhi na alikuwa na jioni. Asubuhi, akiwa amekunywa uji na kuvaa miwani yake, aliweza kushindana na mnunuzi wa mbuzi mpaka mnunuzi akakata tamaa. Jua likizama aliniita kwa jina la kaka yake aliyefariki, na kuuliza gari la kahawa limechelewa wapi. Madaktari wanaijua hali hii ya kuchanganyikiwa jioni, nasi nyumbani tuliijua bila kufundishwa. Aliyekuja kumwomba adhamini mkopo wa pikipiki naye alikuwa akiijua, kwa maana alikuja saa moja usiku. Tulilipa deni lile. Sikumshtaki mtu, na sitamtaja hapa, lakini tangu siku hiyo kila ninapoona saini ya mzee kwenye karatasi hujiuliza ilitiwa saa ngapi.

Sasa wapo wenzangu wanaotumaini kwamba picha ya ubongo itamaliza ubishi huu, kwamba tutampeleka mzee kwenye mashine na picha itatuambia kama ana akili timamu. Nawasihi tusijenge tumaini letu hapo. Tafiti nyingi za ubongo hutoa wastani wa kundi la watu, na mahakama haihukumu wastani, inamhukumu mtu mmoja aliyesimama mbele yake. Isitoshe, wapo wazee wengi wenye kumbukumbu safi kabisa ambao ubongo wao ukichunguzwa hukutwa na mabaki ya protini ya amiloidi, yaleyale yanayohusishwa na ugonjwa wa kusahau ulioitwa kwa jina la Alzheimer. Picha huonyesha kiungo. Kuelewa mkataba ni jambo ambalo mpaka leo hugundulika kwa njia moja tu, nayo ni kuzungumza na mtu mwenyewe.

Na katika kuzungumza huko, mkoa wetu una cha kujivunia. Mwaka 2010 watafiti walizunguka katika vijiji vya Wilaya ya Hai wakawafikia wazee 1,198 wenye umri wa miaka 70 na zaidi, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha kwamba demenshia, yaani ule ugonjwa unaokula kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, ilikuwa kwa asilimia 6.4 yao. Naomba takwimu hiyo tuisome kutoka pande zote mbili. Upande mmoja inatuambia kwamba ugonjwa upo, hapahapa kwenye migomba, na si wa Wazungu peke yao kama wengi walivyodhani. Upande wa pili inatuambia kwamba zaidi ya wazee 93 katika kila 100 wa umri huo hawana demenshia, kwa hiyo anayekutana na mzee wa miaka 75 na kuanza kwa kudhani kwamba akili imeondoka, anaanza kwa kukosea.

Vipimo vilivyozoeleka duniani humtaka mzee aandike sentensi, achore maumbo, atoe saba kutoka mia na kuendelea kushuka. Kwa bibi ambaye hakupata kushika kalamu, kipimo hicho kinapima shule aliyonyimwa. Ndiyo maana kikatengenezwa Hai kipimo kinachoitwa IDEA, kisichohitaji kusoma wala kuandika. Nimewahi kukishuhudia kikifanyika barazani kwa mzee mmoja: mhudumu alipanga njiti za kiberiti juu ya sinia kwa umbo fulani, akampa mzee njiti zake, akamwomba apange vilevile. Mzee aliziokota mojamoja kwa vidole vilivyokakamaa, akapanga, akaangalia, akaigeuza moja iliyokuwa imekaa kinyume, kisha akainua uso kuuliza kama kuna nyingine ngumu zaidi. Akatajiwa maneno, na baada ya muda akaulizwa ayarudie. Ni dakika chache tu. Mwingereza atakuja kujifunza kwetu jambo hili, na sisi wenyewe tunashuhudia mikataba ya wazee bila hata kuuliza leo ni siku gani.

Kuna tahadhari nyingine ambayo maofisa ustawi wa jamii wanaifahamu kuliko mimi. Mzee aliyebadilika ghafla, jana alikuwa mzima na leo anaona watu wasiokuwepo, mara nyingi ana maambukizi ya njia ya mkojo, malaria, upungufu wa maji mwilini au dawa zilizogongana, na akitibiwa akili yake inaweza kurudi. Familia isikimbilie mahakamani kuomba usimamizi wa mali yake wakati ambapo ilipaswa kukimbilia zahanati.

Nigusie fedha, kwa kuwa huko ndiko dalili hujitokeza mapema. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba watu waliokuja kugundulika na demenshia walikuwa wameanza kukosa kulipa madeni yao kwa wakati hadi miaka sita kabla ya daktari kutamka jina la ugonjwa. Mwingine wa mwaka 2012 ulionyesha kwamba wazee wanapotazama nyuso zisizoaminika, sehemu ya ubongo inayotoa ile hisia ya kushtuka moyoni hufanya kazi kwa udogo kuliko kwa vijana. Sasa fikirini mzee huyo amepokea ujumbe wa "ile pesa tuma kwenye namba hii", na namba yake ya siri anayo mjukuu. Kifungu cha 16 cha Sheria ya Mikataba kinamtambua mtu ambaye uwezo wake wa akili umeathiriwa, kwa muda au moja kwa moja, na umri, ugonjwa au dhiki, na pale mkataba unapoonekana kuwa wa dhuluma, humtwika aliyekuwa na nguvu juu yake mzigo wa kuthibitisha kwamba hakumrubuni. Ni kinga nzuri, ila nimeona mawakili wachache mno wakiitumia.

Pengo kubwa zaidi katika sheria yetu liko kwenye hati ya uwakilishi. Mzee mwenye busara, akiona dalili kwamba kumbukumbu inamponyoka, angependa leo, akiwa anajijua, amteue mtoto anayemwamini amsimamie kesho. Lakini kwa sheria ya uwakala tuliyonayo, uwakala hukoma pale aliyeutoa anapopoteza akili timamu. Yaani karatasi hufa siku ileile inapohitajika. Uingereza iliziba pengo hilo tangu mwaka 1985, na sheria yao ya 2005 ikaleta hati inayodumu, ambayo lazima isajiliwe na kuthibitishwa na mtu asiye na maslahi kwamba mzee alielewa. Nchi yetu iliridhia mwaka 2009 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao kifungu chake cha 12 kinataka mtu asaidiwe kutumia uwezo wake wa kisheria badala ya kunyang'anywa. Hati ya namna hiyo ingekuwa njia moja ya kuutekeleza, na nawaomba wabunge wetu waibebe hoja hii.

Nije kwenye jinai. Upo ugonjwa wa ubongo ambao hauanzi na kusahau, bali huanza na tabia: mtu aliyekuwa mstaarabu anaanza kuchukua vitu dukani bila kulipa, kutukana, kushika watu wasiotaka kushikwa. Sehemu ya mbele ya ubongo ndiyo inayokufa. Mwaka 2015 watafiti wa Marekani walipitia kumbukumbu za wagonjwa 2,397 na kukuta kwamba kati ya waliokuwa na aina hiyo ya ugonjwa, asilimia 37 walikuwa wamevunja sheria, ukilinganisha na takriban asilimia 8 kwa wenye ugonjwa wa Alzheimer. Mgonjwa wa namna hii akiulizwa, mara nyingi atajibu kwamba anajua kuiba ni kosa. Ndiyo maana napenda mahakimu wetu waikumbuke sehemu ya mwisho ya kifungu cha 13 cha Kanuni ya Adhabu, ambayo, zaidi ya kutokuelewa tendo na kutokujua kwamba halipaswi kutendwa, inamtaja pia mtu ambaye kwa ugonjwa wa akili hana udhibiti wa tendo lake.

Marekani ilikutana na swali hili katika sura yake kali kuliko zote. Vernon Madison alihukumiwa kifo huko Alabama kwa kumuua askari polisi mwaka 1985, na akiwa gerezani akapata viharusi vilivyomwachia demenshia kiasi kwamba hakulikumbuka tena kosa. Februari 2019 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilisema kwamba kusahau kosa peke yake hakumkingi mtu na adhabu, lakini demenshia, sawa na ugonjwa mwingine wowote wa akili, inaweza kuzuia asiuawe ikiwa imemwondolea uwezo wa kuelewa kwa nini anauawa. Magereza yetu nayo yana wafungwa wanaozeeka.

Lipo jambo linaloniumiza zaidi ya hayo. Mgonjwa wa demenshia hutoka nyumbani usiku, akitafuta nyumba aliyoishi utotoni. Bibi anakutwa saa nane za usiku kwenye migomba ya jirani, pengine nusu uchi, akizungumza na watu waliokufa. Tunajua jirani atamwita nani. Katika mikoa ya Kanda ya Ziwa vikongwe wameuawa kwa kosa la kuwa na macho mekundu, macho yaliyokaa juu ya moshi wa kuni kwa miaka hamsini. Itifaki ya Afrika kuhusu Haki za Wazee, iliyopitishwa Addis Ababa Januari 2016 na kuanza kutumika mwaka 2024, inazitaka nchi kuzuia tuhuma za uchawi dhidi ya wazee, na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iko Arusha, kilomita 80 hivi kutoka hapa. Lakini bibi yule saa nane za usiku hana mahakama karibu zaidi ya mwenyekiti wa kitongoji. Mwenyekiti akijua kwamba huu ni ugonjwa na una jina, atamfunika kanga na kumrudisha kwake.

Kuhusu umri wa kustaafu nitasema machache. Katiba yetu inamtaka Jaji wa Mahakama Kuu aache kazi akiwa na miaka 60 na Jaji wa Rufani miaka 65. Uingereza mwaka 2022 ilipandisha umri wa majaji wake kutoka 70 hadi 75. Hakuna atakayesema ubongo wa Mwingereza huzeeka miaka kumi nyuma ya wetu. Namba hizi ni za kisera, na nazitetea, kwa sababu njia nyingine ni kumpima jaji mmojammoja, na anayeshika kipimo cha akili ya jaji ameushika na uhuru wake. Ila tusiichukue namba iliyowekwa kwa ajili ya ofisi tukaipeleka kwenye kihamba cha mtu na wosia wake.

Na kwa wale wanaopanga bajeti: jopo la wataalamu wa jarida la kitabibu la Lancet lilikadiria mwaka 2024 kwamba takriban asilimia 45 ya demenshia duniani inahusiana na mambo 14 yanayoweza kuzuilika au kupunguzwa, yakiwemo kukosa elimu utotoni, uziwi usiotibiwa na shinikizo la damu. Huko Hai, utafiti mwingine ulikuta karibu wazee saba kati ya kila kumi wenye miaka 70 na zaidi wana shinikizo la juu. Dirisha la wazee hospitalini bila dawa za presha nyuma yake ni dirisha tu.

Nimekuja na fomu ya ukurasa mmoja, ambayo ofisini kwangu tunaijaza kila mzee anapokuja kutia saini. Inaandikwa saa ya siku, kama amekula, kama ana miwani yake, ni nani aliyemleta na kama alitolewa nje wakati wa mazungumzo, na maneno ya mzee mwenyewe, neno kwa neno, alipoombwa aeleze karatasi ile inasema nini na atabaki na nini akishaitia saini. Nakala ziko pale mezani karibu na mlango, chukueni. Mtaona kwamba nafasi ya kwanza kabisa ya kujaza, kabla hata ya jina, ni lugha anayoizungumza nyumbani.